Hiyo Sahihi Uliyotia Siku ya Kwanza Kazini Ni ya Nani?

Kuna karatasi ambayo karibu kila kijana wa mji huu aliyewahi kuandikwa kazi ameitia sahihi bila kuisoma. Waijua. Ni siku ya kwanza, saa mbili asubuhi, mmepangwa kwenye viti vya plastiki, na mbele kuna jamaa ana shati lenye nembo ya kampuni na kompyuta yake. Anapitisha picha ya moto, picha ya mtu ameanguka kwenye ngazi, mshale wa kijani, maneno mengi ya Kiingereza. Wewe uko kwenye simu chini ya meza. Dakika ishirini, soda na keki, halafu karatasi inazunguka: jina, nambari ya kitambulisho, sahihi. Kwisha. Umeshafundishwa usalama kazini.

Leo nataka tuongee kuhusu hiyo sahihi, maana naona twaichukulia kama ni ya kupokelea soda.

Kenya ina sheria mbili zinazokuhusu hapa, zote za mwaka 2007. Moja ni Sheria ya Usalama na Afya Kazini. Kifungu chake cha 6 kinamlazimisha mwenye mahali pa kazi akupe maelezo, mafunzo na usimamizi wa kutosha ili usidhurike. Ya pili ni ile ya fidia ya majeraha ya kazini, ambayo wengi waijua kwa jina la WIBA. Hii yasema ukiumia kazini unalipwa, na huna haja ya kuthibitisha kwamba bosi ndiye aliyekosea. Nzuri, si ndio? Lakini ina mlango wa nyuma. Jeraha likiwa si la kukulemaza vibaya, na ikaonekana ulijiumiza kwa utovu wako wa makusudi, hupati kitu. Sasa jiweke upande wa mwajiri asiyetaka kulipa. Kitu cha kwanza atakachotafuta kwenye faili ni nini? "Alifundishwa. Sahihi yake hii hapa."

Mtoto wa mamangu mdogo alipata kibarua cha kupanga mizigo kwenye godauni moja. Wiki ya tatu kreti likamponda vidole vya mguu, naye amevaa malapa. Hajatoka hata hospitali ashaonyeshwa jina lake kwenye orodha ya waliofundishwa kuvaa buti za kazi. Buti zenyewe hakupewa hata siku moja! Sahihi alitia kwa sababu wenziwe wote walitia na nyuma yake kuna watu wanamsukuma. Walimlipia matibabu, wakampa pole, wakaajiri mwengine. Hapo ndipo nilipoanza kuiangalia hiyo karatasi kwa jicho jengine. Imeandikwa jina lako, lakini inalala kwenye kabati ya mwenye kazi.

Basi kuna watakaosema: kama ni hivyo, mafunzo yenyewe ni usanii, ya nini kuyatilia maanani? Hapo ndipo tunapotofautiana. Karatasi ni ya bosi, sawa. Mafunzo ni yako, na kuna kitu yanafanya ambacho akili yako, hata uwe mwerevu vipi, haiwezi kukifanya peke yake.

Njoo Marikiti nikuonyeshe. (Marikiti yetu ya Mombasa, Mackinnon, jengo la 1914, si ile ya Nairobi. Watu wa Nairobi mtulie kwanza.) Ingia upande wa viungo Jumamosi asubuhi, wakati iliki na bizari zimeamka, watu wamebanana, mama anabishana bei ya nazi, na katikati ya huo msongamano anatokea hamali na mkokoteni umejaa magunia. Wazee walikuwa wakipiga "Simila!" Siku hizi utasikia zaidi "Nyuma, nyuma!" Angalia watu wanavyofanya. Hakuna anayegeuka kutazama kwanza. Hakuna anayeuliza "nyuma gani?" Bega linajikunja, mguu unaingia pembeni, mkokoteni unapita, mazungumzo yanaendelea palepale yalipoachwa. Yule mama wa nazi hata hajui kama amesogea.

Hiyo ndiyo maana ya mafunzo. Mtoto wa Mji wa Kale hakuzaliwa akijua kukwepa mkokoteni. Alivutwa mkono na mamake mara mia mbili mpaka mwili ukashika. Sasa mwili unafika kabla ya akili. Mgeni anayeshuka leo kutoka bara, akisikia hiyo sauti atasimama wima ageuke kuangalia ni nini, na huko kugeuka ndiko kunakomfanya agongwe kifundo cha mguu.

Kwenye hatari, kile ambacho mwili wa mtu asiyefundishwa hufanya kwanza mara nyingi ndicho kinachomuua. Nitakupa mifano mitatu.

Mfano wa kwanza ni karai. Unauza viazi karai au bhajia, mafuta yameshika moto. Mkono wako wenyewe unaenda kwenye ndoo ya maji, kwa sababu tangu utotoni wajua maji huzima moto. Ukimwaga, maji yanazama chini ya mafuta, yanageuka mvuke papo hapo, na mvuke unachukua nafasi zaidi ya mara elfu ya maji. Mafuta yote yanarushwa juu yakiwa yanawaka, na yanashukia usoni mwako na kwa mteja wako wa shilingi hamsini. Cha kufanya ni kuzima gesi kama waweza kuifikia, kufunika karai kwa mfuniko au sinia la chuma, halafu kuliacha. Kuliacha kabisa, usifunue kuchungulia. Rahisi hivyo, lakini hakuna anayelifanya mara ya kwanza kama hakuwahi kuonyeshwa.

Wa pili ni shimo. Habari hii tumeisoma mara ngapi? Fundi anaingia kwenye shimo la maji taka au kisima cha zamani, anaanguka. Mwenzake anaruka kumuokoa, naye haonekani tena. Wa tatu ni ndugu yake, naye anaingia. Ndani ya mashimo kama yale hewa safi huwa imeondoka, na kunaweza kuwa na gesi ya haidrojeni salfaidi, ile ya harufu ya mayai yaliyooza. Ubaya wake ni kwamba ikizidi inaua uwezo wako wa kunusa. Unadhani harufu imeisha, kumbe ndiyo imekuwa nyingi. Wa pili na wa tatu hawakufa kwa ujinga. Walikufa kwa mapenzi na ushujaa, na hakuna kitu kigumu kumfundisha mtu kama kusimama ukingoni, kupiga kelele, kuita msaada, na KUTOINGIA huku ndugu yake yuko chini.

Wa tatu ni dirisha, na huu wahusu taifa zima. Ijumaa tarehe 7 Agosti 1998, saa nne na nusu asubuhi, katikati ya Nairobi. Kabla bomu halijalipuka kwenye ubalozi wa Marekani, washambuliaji walirusha guruneti kwa walinzi na kukasikika milio. Watu kwenye maofisi ya jirani wakasikia. Ungefanya nini wewe? Walifanya kile ambacho mimi na wewe tungefanya: waliinuka, wakaenda dirishani kuangalia. Ndipo lori likalipuka. Zaidi ya watu 200 walikufa Nairobi, maelfu wakajeruhiwa, na wengi wakapoteza macho kwa vioo vya madirisha waliyokuwa wamesimama mbele yake. Siwalaumu hata kidogo, nani angejua? Hakuna aliyekuwa amewaambia: ukisikia mlio usioujua, kaa mbali na kioo, jitupe chini.

Sasa ongeza simu. Tarehe 4 Agosti 2020 bandari ya Beirut kule Lebanoni iliwaka moto. Watu wakatoka kwenye roshani na madirishani kurekodi. Ndani ya ghala kulikuwa na tani 2,750 za amonia nitreti. Zile video sote tumeziona, na nyingi zinaishia na simu ikiruka hewani. Zaidi ya watu 200 walipoteza maisha. Sisi twaishi kwenye kisiwa chenye bandari, wadau. Na mimi natengeneza video kwa hivyo naongea na watu wangu: kengele ya moto ikilia kazini, sura ya kwanza ninayoiona kwa vijana wenzangu ni tabasamu, na mkono wa kwanza unaenda mfukoni kutoa simu. 1998 tulikimbilia dirishani na macho tu.

Upande mwengine kuna Rick Rescorla. Huyu alikuwa mkuu wa usalama wa kampuni ya Morgan Stanley, iliyokuwa kwenye mnara wa kusini wa World Trade Center, New York. Baada ya bomu la 1993 katika jengo lilelile, akaanza kuwalazimisha wafanyakazi wafanye mazoezi ya kushuka ngazi. Hawa ni watu wa hisa na mamilioni, wanakatizwa simu za pesa washushwe ghorofa kwa miguu. Walinung'unika sana. Tarehe 11 Septemba 2001, mnara wa kaskazini ulipogongwa, tangazo kwenye spika za mnara wa kusini likasema watu wabaki maofisini. Rescorla akapuuza, akawaambia watu wake washuke kama walivyozoea. Karibu wote kati ya wafanyakazi 2,700 hivi wakatoka salama. Yeye alirudi juu kutafuta waliobaki, hakuonekana tena. Nikisoma hadithi hii, hata kuliko ushujaa wake, kinachonigusa ni ile miaka minane ya manung'uniko kwenye ngazi, ya watu waliokuwa hawaoni faida yoyote.

Haya, nayajua majibu yenu. Nimeshayasikia kwenye komenti.

"Mwili ni wangu, nikiumia ni shauri yangu." Kijana wa mjengo hupenda sana hili. Muulize Phyllis Omido. Alifanya kazi kwenye kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kando ya Owino Uhuru, hapahapa Mombasa, upande wa bara. Mtoto wake mchanga akaugua, na vipimo vikaonyesha sumu ya madini ya risasi, iliyompitia kwenye maziwa ya mama. Vumbi la risasi halipigi hodi. Linakaa kwenye shati, kwenye nywele, kwenye kiatu, unalipeleka nyumbani unambebea mwanao. Mwaka 2020 mahakama ya mazingira Mombasa iliwapa wakaazi fidia ya shilingi bilioni 1.3. Mahakama ya Rufaa ikaiondoa, na 2024 Mahakama ya Upeo ikairudisha. Miaka yote hiyo mahakamani, kwa vumbi ambalo mfanyakazi angefundishwa siku ya kwanza: badilisha nguo kabla ya kutoka, oga, usile na mikono hiyo. Na apewe pahali pa kuogea, bila shaka, maana mafunzo bila bomba la maji ni hotuba.

"Sisi Marikiti hatuna bosi, hayo ni ya makampuni." Basi sikiza: sheria ileile, kifungu cha 12, yamtaja mtu aliyejiajiri. Wajibu wako ni kujilinda wewe na kumlinda yeyote anayeingia pahali pako pa kazi. Yaani muuza bhajia yumo, mwenye mashine ya kukuna nazi yumo. Na kusema kweli mafunzo Marikiti yapo tangu zamani, ila hayana karatasi. Kijana akianza kwenye mashine ya nazi, mzee humwambia avue saa, avue bangili, akunje mkono wa kanzu, na asisukume kipande cha mwisho kwa vidole. Hamali mkubwa humfundisha mdogo kuchuchumaa na kuinuka kwa magoti, mgongo usiinamie gunia. (Hapo serikali nayo ilisaidia kidogo: kanuni za viazi za 2019 ziliweka gunia lisizidi kilo 50, ile lumbesa ikapigwa marufuku. Nenda ukaangalie magunia sokoni halafu uniambie.) Haya mafunzo ya mdomo ni mazuri sana kwa hatari za zamani. Shida ni hatari mpya. Nani amewahi kumwonyesha huyo kijana pa kuzimia umeme wote wa kibanda, kwenye nyaya zilizofungwa kwa selotepu na kugawanywa vibanda sita? Nani amemwambia kwamba mwenzake akinaswa na stima asimshike, akate umeme kwanza? Mtungi wa gesi unakaa wapi, na mpira wake umebadilishwa lini? Vichochoro vyetu vya Mji wa Kale vyapendeza kwenye picha, lakini gari la zimamoto halipiti pahali ambapo bodaboda mbili hazipishani. Dakika za kwanza ni zenu wenyewe.

"Mafunzo yenyewe yanaboa." Hapa nakubali mia kwa mia. Mtu anawasomea vibarua slaidi za Kiingereza, nusu yao hawafuati, halafu twaambiwa wamefundishwa. Mtungi wa kuzimia moto unaonyeshwa kwa picha, na hakuna aliyewahi kuushika. Kwa taarifa yako: unavuta pini, unalenga chini kabisa pale moto unapoanzia, unabana, unapeperusha kushoto na kulia. Watu hulenga miale ya juu kwa sababu ndiyo inayotisha, na mtungi mdogo huisha kwa sekunde chache tu. Hili hulijui mpaka uubebe, uusikie uzito wake, uone pini ilivyo ngumu. Lakini kuboeka si sababu ya kuangalia simu. Ni sababu ya kuinua mkono useme, "Bosi, samahani, twaomba utuonyeshe kwa vitendo, na kwa Kiswahili."

Na hapo ndipo jibu la mwisho linapokuja, ambalo ndilo zito: "Nikiuliza maswali wataona mimi mkorofi, kuna vijana hamsini nje ya geti wanangoja nafasi yangu." Hili silifanyii mzaha. Ni kweli. Sheria kwenye kifungu cha 14 inakupa nguvu: ukiona hatari kubwa ya karibu, uripoti kwa msimamizi, na hawatakiwi kukurudisha hapo mpaka warekebishe. Kazi yenye watu 20 au zaidi inatakiwa iwe na kamati ya usalama, na wafanyakazi wawe na wawakilishi ndani. Kuna idara ya serikali ya usalama na afya kazini, na ajali ikitokea mwajiri anatakiwa kuiripoti kwao ndani ya siku 7. Hayo yote yapo. Lakini kibarua wa siku kwa siku hafukuzwi, haitwi tu kesho yake, na hakuna kifungu kinachomshika bosi kwa kutokukupigia simu.

Kwa hivyo tumia njia ya pwani, ya adabu. Usimvae mtu mbele ya watu. Uliza kama mtu anayetaka kuijua kazi: "Mlango huu hufunguka kwa ndani? Umeme unazimwa wapi? Tukitoka nje twakutania wapi?" Kijana anayeuliza hivyo haonekani mkorofi, anaonekana atadumu. Ulizeni wawili watatu, asiuze sura mmoja peke yake. Ukiambiwa mlango wa dharura umefungwa kwa kufuli "kwa ajili ya wezi", hapo kuwa makini sana. Kiwanda cha nguo cha Triangle, New York, 1911, mlango mmoja ulikuwa umefungwa kwa sababu hiyohiyo ya wizi, na watu 146 walikufa, wengi wao wasichana wa umri wenu.

Na hiyo karatasi, usiitie sahihi ikiwa inakimbia. Isome. Kama imeandikwa umepewa buti na hujapewa, andika pembeni kwa mkono wako, polepole, bila kelele: "buti bado sijapewa", halafu tarehe, halafu sahihi. Usimtilie mwenzako aliyechelewa sahihi, hata akubembeleze vipi, maana siku akiumia hiyo sahihi ndiyo itakayomfunga. Kabla hujairudisha, ipige picha. Simu si unayo mkononi tayari? Itume kwa mamako au kwa ndugu yako, ikae pahali ambapo hata simu ikiibiwa picha iko.

Kesho ni Jumatatu na najua kuna wenu mnaanza kazi, godauni, hoteli, mjengo, na wengine mwaenda kwa mafunzo ya ufundi. Nitumieni hizo karatasi inboksi, mzibe majina na nembo ya kampuni. Nataka kuhesabu ngapi zimeandikwa kwa Kiswahili. Matokeo nitayaweka hapa Ijumaa, baada ya swala.